Bodi ya pinboli iliyoliwa na betri: weka magadi pembeni, tafuta siki

“Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia mashine ya kuchezea pinboli, ile ya kurusha kipira cha chuma, ya kampuni ya Bally ya mwaka 1979, iliyokuwa kwenye grosari yake hapa Majengo, Moshi. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi. Juzi nimefungua kile kichwa chake cha nyuma nikakuta kwenye bodi moja kuna betri kama kipipa, imetoa unga mweupe na ukijani, na umesambaa mpaka kwenye vitu vya jirani. Nikiichomeka, taa za mezani zinawaka, lakini namba hazitokei, na kwenye bodi kuna kataa kekundu kanawaka moja kwa moja bila kuzima. Fundi simu wa mtaani anasema hiyo ni asidi ya betri, nimwagie maji ya magadi kuiua, kisha nioshe kwa petroli na nipulize mafuta ya kuzuia kutu. Mwingine anasema bodi ikishaota kutu ni ya kutupa. Natamani sana iwake tena, wadogo zangu wamekua wakiicheza. Nifanye nini?”

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kabla sijasema lolote nakuomba kitu kimoja: usiichomeke tena hiyo mashine, hata kwa kuijaribu. Mara ulizoichomeka zimeshapita, yaliyopita si ndwele. Lakini kila unapoipa umeme ikiwa katika hali hiyo, ule uchafu unazidi kula shaba, na umeme unaweza kupenya juu ya unga huo kwenda mahali pasipo pake na kuua chipu ambazo mpaka leo ni nzima.

Umeniuliza mambo mawili: kama bodi inaokoleka, na kama magadi ndiyo dawa. Kwa jinsi ulivyoeleza, bodi ina nafasi nzuri ya kuokoka. Magadi, hapana kabisa, na nataka uelewe sababu yake, maana ukiielewa hiyo, kazi nyingine yote itakunyookea.

Simlaumu huyo fundi simu. Sisi sote tumekulia kwenye betri za magari, ambazo ni za risasi na asidi ya salfa, na kwa hizo magadi ni dawa ya kweli: unamwagia kwenye vichwa vya betri, panachemka povu, asidi inakufa. Betri iliyo kwenye bodi yako si ya ukoo huo. Ni ya nikeli na kadimiamu, seli 3 za volti 1.2 zilizofungwa pamoja zikatoa volti 3.6, na ndani yake hakuna asidi hata tone. Kimiminika chake ni haidroksidi ya potasiamu, alkali kali. Kwa tabia ni ndugu wa magadi. Yale magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yalainike ni alkali pia, ila hii ya kwenye betri ni kali kuliko magadi mara nyingi sana. Ukimwagia magadi juu yake unatia chumvi baharini. Alkali inazimwa na asidi laini, na asidi laini unayo jikoni: siki nyeupe ya dukani. Ukiikosa kabisa, maji ya limau yaliyochujwa vizuri.

Petroli nayo haifai. Haiyeyushi chumvi hizo, inaweza kuharibu plastiki za konekta, na ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Mafuta ya kupuliza ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanadanganya jicho: bodi inang'aa, unafurahi, kumbe umefunika alkali chini ya mafuta na inaendelea kula polepole. Vivyo hivyo kwa wanaopaka rangi ya kucha au vanishi juu ya sehemu iliyoharibika.

Ngoja nikueleze kilichotokea humo ndani miaka yote hiyo. Betri ile iliwekwa kwa kazi moja tu, kulinda kumbukumbu ya chipu inayoitwa 5101 mashine inapozimwa: alama za juu kabisa, idadi ya michezo iliyolipiwa, hesabu za sarafu. Mashine ikiwaka, bodi inaichaji betri. Ikizimwa, betri inailisha chipu. Ilipoingia stoo ikaendelea kulisha mpaka ikaisha kabisa, na betri ya aina hii ikikaa imeisha miaka na miaka, mihuri yake ya pembeni inaachia. Kimiminika kikaanza kutoka, na alkali hii haidondoki chini kama maji tu, inatambaa. Inapanda kwenye miguu ya vifaa, inapita chini ya ile rangi ya kijani inayofunika njia za shaba, inaingia ndani ya nyaya katikati ya nyuzi na ngozi yake.

Halafu kuna hali ya hewa. Wewe wa Moshi unajua masika yakishika, Machi mpaka Mei, chumvi uliyoiacha wazi jikoni inalowa yenyewe. Haidroksidi ya potasiamu inavuta unyevu wa hewa kuliko chumvi, na papo hapo inavuta kaboni dayoksidi na kugeuka kaboneti ya potasiamu. Huo ndio unga mweupe uliouona. Usidhani umekauka ukafa. Unyevu ukirudi unayeyuka, unakuwa alkali tena, na unaendelea na safari. Ule ukijani ni shaba yenyewe iliyoliwa. Kwa hiyo anayesema ni kutu amekosea kidogo: chuma ndicho kinachoota kutu, hapa tunaongelea shaba na risasi ya kulehemu.

Kataa kako kekundu nako kana habari. Kwenye bodi hizi za Bally, taa hiyo inawaka yenyewe umeme unapofika, na kazi ya kuizima na kuipepesa ni ya prosesa, ile chipu ya 6800. Bodi ikiwa nzima utaona inameta mara moja kwa haraka, kisha inapepesa mara 7, kila pepeso likiwa ni mtihani uliofaulu: la kwanza ni chipu za programu, la pili na la tatu ni chipu za kumbukumbu, na kuendelea, mpaka la saba ambalo linahitaji umeme wa koili, zile sumaku za umeme zinazopiga kipira, uwepo. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, maana yake prosesa haijaanza kazi kabisa, au imekwama mlangoni kwenye mtihani wa kwanza. Nayo saketi ya riseti, ile inayosubiri umeme utulie ndipo iiruhusu prosesa kuanza, ipo jirani kabisa na betri. Ndiyo ya kwanza kuliwa karibu kila mara. Ndiyo maana nina matumaini: inawezekana kabisa prosesa yako ni nzima, ila haijapewa ruhusa ya kuamka.

Taa za mezani kuwaka kusikupe moyo wala kusikukatishe tamaa. Hizo zinapata umeme wake karibu moja kwa moja kutoka kwenye transfoma, hazipiti kwenye bodi hii.

Sasa kazi. Chomoa waya ukutani, subiri dakika kadhaa, kisha piga picha nyingi, kila konekta na rangi za nyaya zake. Andika kwenye karatasi ya gundi J1, J2 na kadhalika, na ubandike kwenye kila konekta kabla ya kuichomoa. Angalia namba iliyochapwa kwenye bodi. Kwa mwaka wa mashine yako natarajia AS-2518-17 au AS-2518-35. Iandike, utaihitaji kupata mchoro sahihi wa saketi. Bodi ikishatoka, kata miguu ya betri kwa koleo uiondoe siku hiyohiyo, hata kama hutaendelea na kitu kingine mpaka mwezi ujao. Hiyo peke yake inazuia uharibifu usiendelee kulishwa.

Vaa glovu na miwani. Alkali hii ikiingia jichoni si jambo la kusugua na kuendelea na kazi. Osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Na betri yenyewe ina kadimiamu, ambayo ni sumu. Usiichome moto, usiifungue, na nakusihi usiitupe kihambani. Kadimiamu ikiingia kwenye udongo mimea inainyonya, na migomba yenu ndiyo chakula chenu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke juu watoto wasipofika, mpaka upate wanaopokea betri chakavu.

Changanya siki na maji kwa kiasi sawa. Chukua mswaki laini wa zamani, chovya, sugua sehemu iliyoathirika na sentimita kadhaa kuizunguka, mbele na nyuma. Utaona vipovu vidogo, hiyo ni kaboneti inazimwa. Povu likikoma, rudia mara moja, kisha usiiache siki ikakaa, maana nayo ni asidi na ikibaki italeta msiba wake. Suuza kwa maji mengi. Maji ya mwisho yasiwe ya bomba. Yana madini, na sisi wa huku Arusha tunajua floraidi ilivyo nyingi kwenye maji yetu. Tumia maji yaliyotoneshwa. Yanapatikana vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini hapa soma chupa kwa makini: unataka yale ya kuongezea, yasiyo na asidi. Wapo wanaouza asidi ya betri kwa jina hilohilo.

Malizia kwa alkoholi ya isopropili, inayofukuza maji yaliyojificha chini ya chipu. Ile spiriti ya kusafishia vidonda chunguza kwanza, nyingine zina mafuta yanayobaki juu ya bodi. Kisha iache bodi ikauke kivulini penye upepo siku nzima, au mbili kama ni masika.

Hapa ndipo wengi wanaposimama, na hapa ndipo bodi nyingi zinapofia. Miaka ya mwanzo ya karakana yangu nililetewa kinanda cha kwaya chenye betri ya aina hiihii. Nilikisafisha kwa siki kikang'aa, nikakirudisha kikiimba vizuri, na miezi miwili baadaye kikanyamaza katikati ya maandalizi ya Pasaka. Nilipong'oa soketi ya chipu iliyokuwa jirani na betri nikakuta chini yake utelezi wa kijani bado mbichi. Mswaki wangu haukufika kule. Niliwaomba radhi wanakwaya wale, nikaifanya kazi upya bila malipo, na tangu siku hiyo kila kilichoguswa na alkali nakitoa kwenye bodi. Sikisafishi kikiwa mahali pake.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie mguu wa rezista mmoja karibu na ilipokuwa betri, kisha mmoja wa mbali. Wa mbali unang'aa kama sindano mpya. Wa karibu ni wa kijivu, umekwaruzika, na ukiusukuma kwa kijiti cha meno unaweza kukatika palepale. Risasi iliyoushika nayo imefifia kama majivu. Ukiigusa kwa pasi ya kulehemu haiyeyuki. Inajikusanya na kukataa. Hiyo ndiyo alama yako: popote risasi ilipofifia hivyo, toa kifaa kilichopo, rezista, dayodi, transista, kapasita, na hasa soketi. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Ambacho si cha bei ndogo ni njia ya shaba iliyong'oka kwa sababu ya haraka.

Ili kukitoa, usikivute. Kata kwanza mwili wa kifaa ubaki na miguu mitupu, kwangua risasi iliyofifia mpaka uone ing'aayo, paka flaksi, ile dawa ya kuifanya risasi ishike, ongeza risasi mpya kidogo ichanganyike na ya zamani, ndipo uinyonye kwa pampu. Shaba za bodi za miaka ya 1970 zimeshikwa na gundi ambayo haivumilii joto la muda mrefu. Gusa, hesabu tatu, ondoa.

Pakishakuwa wazi, chukua msasa laini, namba 400 au 600, uulowanishe ili vumbi lisiruke, na uikwangue ile rangi ya kijani popote ilipovimba au kuwa nyeusi, mpaka shaba ing'are. Usiogope kuivua rangi hiyo. Ukikutana na njia iliyokatika, hapo hapajaharibika zaidi ya vile palivyokuwa, ila sasa unaiona. Rudia siki, maji na alkoholi juu ya shaba hiyo mpya. Kisha ifunike kwa risasi nyembamba ili isigeuke nyeusi tena, na njia zilizokatika ziunge kwa waya mwembamba kutoka mguu hadi mguu. Kabla ya kurudisha kifaa chochote, pima kila njia kwa mita, sehemu ile ya mlio. Mpaka hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu tundu linalounganisha upande wa juu na wa chini linaweza kuwa limeliwa ndani na usilione.

Usisahau konekta. Nimeona watu wakinunua bodi mpya kabisa, wakaichomekea konekta ya zamani yenye ukijani, na mwaka haukuisha pini za bodi mpya zikaanza kubadilika rangi. Ile ya umeme, J4, ichunguze kuliko zote. Menya waya: nyuzi zikiwa nyeusi, kata nyuma mpaka ukute shaba nyekundu safi, ndipo uweke pini mpya. Waya ukiwa mfupi, ongezea.

Sasa unachagua nini? Kama eneo lililoliwa ni kama kiganja cha mtoto na halijafika chini ya zile chipu kubwa zenye miguu 40, bodi hii inafaa kutengenezwa, nami ningeitengeneza. Kama ukijani umepita chini ya chipu kubwa na matundu mengi yameliwa, kazi itachukua siku nyingi na kila utakachokirekebisha kitakuonyesha kingine. Hapo sema ukweli kwa familia: zipo bodi mpya zilizobuniwa kuchukua nafasi ya hizi za Bally, zinachomekwa kwenye konekta zilezile na hazihitaji betri. Zinaagizwa nje, na kwa gharama ya usafiri na ushuru huenda zikazidi kile ambacho wengi wangetaka kuweka. Hata ukiinunua, ya zamani usiitupe. Chipu zake ni mali.

Kuhusu betri mpya, ushauri wangu kwako ni mwepesi: usiweke. Mashine za Bally za miaka hiyo hupangwa kwa vile viswichi vidogo 32 vilivyo juu ya bodi, kwa hiyo bila betri inacheza vizuri kabisa. Inasahau tu yale yaliyokuwa yakilindwa na betri, kama alama za juu, ukiizima. Kama familia inataka alama zikumbukwe, kuna njia mbili ninazoziamini. Moja ni kapasita kubwa ya kumbukumbu ya volti 5.5, inayokaa palepale na kuchajiwa na bodi. Nyingine ni betri 3 ndogo za kawaida kwenye kikasha kilichofungwa chini kabisa, mbali na bodi, kwa waya mrefu, na hapo lazima uweke dayodi. Kumbuka bodi inachaji. Bila dayodi itazisukumia umeme betri zisizochajiwa, zitavuja nazo, na tutarudi tulipoanzia.

Bodi ikirudi mahali pake, anza na konekta ya J4 peke yake, nyingine zote ziache zikining'inia. Hesabu mapepeso ya kale kataa. Kabla ya hapo hakikisha transfoma imefungwa kwa umeme wetu wa volti 230 na si ule wa Marekani wa 120. Kwa kuwa iliwahi kufanya kazi grosari, nategemea mzee alishalishughulikia, lakini angalia. Pima volti 5 kwenye bodi kabla ya kumruhusu mtu yeyote kubonyeza kitu. Fyuzi ikikatika usifunge waya. Koili za mashine hii zinatumia volti 43, na koili moja ikikwama bila fyuzi inaungua mpaka inatoa moshi.

Kuna sehemu ambazo sitaki uziguse peke yako. Zile namba za alama zinatumia karibu volti 190 za umeme wa moja kwa moja, na bodi inayozalisha umeme huo inabaki na chaji baada ya kuchomoa. Ukishapata mapepeso 7 na namba bado hazitokei, simama hapo umwite fundi. Vilevile kama hujawahi kung'oa chipu yenye miguu 40, usijifunzie kwenye bodi hii. Mtafute fundi wa zamani wa redio, televisheni na amplifaya, si wa simu, maana mkono wake umezoea bodi za namna hii. Ukimkosa Moshi, ulizia walimu wa elektroniki wa VETA hapohapo mjini, au huku kwetu Chuo cha Ufundi Arusha. Mwambie neno moja tu kabla hajaanza: ni alkali. Akijibu kwamba atatia magadi, mshukuru na uchukue bodi yako.

Ukimaliza kuosha, na kabla hujachoma risasi hata tone moja, nipigie picha mbili za mchana, upande wa mbele na wa nyuma, zikionyesha kona ilipokuwa betri. Upande wa nyuma ndio ninaousubiri zaidi, ndio utakaotuambia alkali imeishia wapi.